Mlango wa Kuingilia na Mlango wa Kutokea

Maelezo kwa wanachama juu ya rasilmali za matajiri zinazofunguliwa kwa watu wa kawaida



Kila msimu unapokwisha, majamvi yakakunjwa na gunia la mwisho likafika kituoni, huanza msimu mwengine usio na jina, nao ni msimu wa watu wenye mashauri juu ya fedha zetu. Mmoja huja na shamba la kuuza, wa pili na gari, wa tatu na habari ya harusi. Siku hizi amezidi wa nne, naye huja na simu mkononi na karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

Mwanachama mmoja wa Pemba, mtu mzima aliyekwisha kuona misimu mizuri na mibaya, alitufikia barazani baada ya kupima karafuu zake. Alikuwa na akiba ya misimu miwili. Sehemu alikusudia kununulia miche, maana mikarafuu aliyorithi kwa babake imezeeka na mingine imekwisha kufa. Sehemu ya pili ni ya kumsomesha bintiye chuoni. Mtoto wa ndugu yake alikuwa amemjia na kumwambia: "Ami, fedha hizi zisilale. Iko mifuko ya ng'ambo inayonunua majumba na makampuni. Zamani wakiingia matajiri tu, lakini sasa mlango umefunguliwa hata kwa watu kama sisi."

Bwana yule alituuliza suala moja: "Je, niingie?"

Suala hili ni la haki, na jawabu yake si neno moja. Hapana shaka wako wanachama wengine waliokwisha kuambiwa maneno kama hayo, au watakaoambiwa kesho. Kwa hivyo tumeona yafaa kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo.

NI KITU GANI HIKI?

Mtu mwenye akiba ana njia tatu zinazojulikana sana. Aweza kuiweka benki. Aweza kuikopesha Serikali au kampuni kwa muda, na karatasi ya mkopo huo huitwa hatifungani. Aweza pia kununua hisa za kampuni ambayo hisa zake huuzwa katika soko la hisa, kama lile la Dar es Salaam. Njia zote tatu zina soko au dirisha la kurudishia fedha.

Kinachoitwa uwekezaji mbadala ni karibu kila kitu kilichobaki nje ya njia hizo: ubia katika makampuni yasiyouzwa sokoni, majumba ya kupangisha, misitu na mashamba, mikopo kwa makampuni isiyopitia benki, dhahabu na kadhalika. Mtunza fedha hukusanya fedha za watu wengi katika mfuko mmoja, akanunua vitu hivyo, akavisimamia kwa miaka, kisha akaviuza na kugawa faida kama ipo.

Kwa asili si jambo geni kwetu. Wazee wetu waliijua biashara ya mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali, mwengine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa mapatano. Hasara ikitokea bila ya uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mfanya kazi hupoteza jasho lake. Mifuko ya leo yafanana na hayo, ila kwa tofauti moja ambayo tutaieleza chini, nayo ni juu ya ujira.

KWA NINI MLANGO ULIFUNGWA

Huko Marekani, kwa kanuni za mwaka 1982, mifuko ya namna hii huuzwa hasa kwa mtu mwenye mapato ya zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au mwenye mali ya zaidi ya dola 1,000,000, na tangu mwaka 2010 nyumba anayokaa haihesabiwi. Nia haikuwa kuwaonea maskini. Watunga sheria walifikiri kuwa tajiri akipata hasara atakula kesho, tena aweza kumlipa mwanasheria amsomee karatasi zake. Mtu mwenye akiba ndogo hana hayo mawili.

Miaka ya karibuni mlango umeanza kufunguliwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilirekebisha sheria ya mifuko yao ya muda mrefu, na tangu Januari 2024 limeondolewa sharti la mtu wa kawaida kuanza na Euro 10,000. Uingereza ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaruhusu uuzwe kwa watu wengi zaidi. Mwezi wa Agosti 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwaelekeza wakuu wa Marekani warahisishe njia, ili akiba za uzeeni za wafanyakazi ziweze kuingia katika mifuko hii.

Wanaotetea ufunguzi huu wana hoja. Katika miaka ya 1990 Marekani ilikuwa na makampuni zaidi ya 7,000 ambayo hisa zake ziliuzwa sokoni, na leo hayafiki 5,000. Makampuni mengi hukua nje ya soko, na faida ya kukua huko huwafikia wakubwa peke yao. Kwa nini mwalimu au fundi asipate sehemu?

Wanaopinga nao wana hoja. Wasema kwamba mifuko ya wakubwa imekwisha kujaa, na watunza fedha wanatafuta fedha mpya za kulipia ujira wao. Nasi twajua sokoni kwetu kwamba si kila bidhaa inayoletwa mlangoni imeletwa kwa ajili ya faida ya mnunuzi.

MWALIMU ALIYEWAKATAZA WANAFUNZI

Mtu aliyeipa njia hii sifa kubwa kuliko wengine ni David Swensen, aliyeshika mali ya wakfu ya chuo kikuu cha Yale tangu mwaka 1985 mpaka alipofariki mwaka 2021. Aliziondoa fedha nyingi za chuo katika hisa na hatifungani za kawaida, akaziweka katika ubia, misitu na majumba. Mali ile ilikuwa dola bilioni 1 na kitu alipoanza, na mwaka 2020 ilikuwa zaidi ya dola bilioni 31. Vyuo vingi vilimfuata.

Lakini bwana huyo huyo alipoandika kitabu kwa ajili ya watu wa kawaida, mwaka 2005, hakuwaambia wafuate njia yake. Aliwashauri wanunue mifuko rahisi ya hisa na hatifungani, yenye ujira mdogo, na wasijiingize katika mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa na watu wa kuyachunguza mchana kutwa.

Chuo kama Yale chaishi karne kwa karne. Hakiugui, hakiozeshi binti, wala hakijengi paa lililong'olewa na upepo. Chaweza kungoja. Na hata vyuo vikubwa huweza kubanwa. Katika msukosuko wa mwaka 2008, Harvard, chuo chenye mali kuliko vyote, kililazimika kukopa dola bilioni 2 na nusu, kwa kuwa mali yake nyingi ilikuwa imefungwa mahali ambapo haikuweza kutolewa kwa haraka. Ikiwa tajiri mkubwa alitafuta mkopo huku ana mali, mkulima mwenye akiba ya misimu miwili atakuwaje?

MKARAFUU HAUUZWI TAWI

Sisi wakulima twalifahamu jambo hili kuliko watu wengi wa mjini. Mche wa mkarafuu huchukua kiasi cha miaka sita mpaka minane kabla ya kuzaa, na baadaye waweza kumzalia mtu, na mwanawe, na mjukuu wake. Ni rasilmali njema. Lakini mtoto akiugua usiku huwezi kukata tawi moja ukalipeleka hospitali likawa dawa. Ndiyo maana wengine wetu huuza karafuu zikali mtini, changa, kwa bei ya kuumiza, kwa sababu haja imetangulia mavuno. Katika hali hiyo shamba halina ila yoyote. Mwenye shamba ndiye aliyehitaji fedha kabla ya wakati wake.

Mifuko tunayoizungumza ni kama mikarafuu. Jumba, kiwanda au msitu haviuzwi kwa siku moja. Hatari kubwa inakuja pale kitu cha polepole kinapouzwa kwa ahadi ya haraka. Ziko habari mbili za kweli zinazoonesha jambo hili.

HABARI YA KWANZA: UINGEREZA

Alikuwapo Uingereza mtunza fedha mashuhuri, jina lake Neil Woodford. Mwaka 2014 alifungua mfuko wake mwenyewe, na watu wakamkimbilia hata ukapita pauni bilioni 10. Mfuko ule uliahidi kwamba mtu aweza kutoa fedha zake siku yoyote ya kazi. Lakini pamoja na hisa za kawaida, bwana huyu alinunua sehemu za makampuni madogo ambayo mengine hayakuwa na soko kabisa.

Mambo yalipoanza kwenda kombo, watu wakaanza kutoa. Ili kuwalipa waliotangulia aliuza vile vinavyouzika, na vilivyobaki vikawa ni vile visivyouzika. Mwezi wa Juni 2019 baraza la jimbo la Kent lilitaka kutoa kiasi cha pauni milioni 250 za akiba ya wafanyakazi wake. Mfuko ukafungwa. Watu zaidi ya 300,000 wakawa wamesimama nje ya mlango, na ndani mna pauni bilioni 3.7. Mfuko haukufunguliwa tena. Vitu viliuzwa kidogo kidogo, watu wakaanza kulipwa kwa mafungu tangu Januari 2020, na wengi walipata pungufu ya walichoweka.

HABARI YA PILI: MAREKANI

Kampuni ya Blackstone ilikuwa imefungua mwaka 2017 mfuko mkubwa wa majumba kwa watu binafsi, uitwao BREIT. Huu haukuahidi fedha kila siku. Katika karatasi zake iliandikwa kwamba watu wote kwa pamoja waweza kutoa asilimia 2 ya mali ya mfuko kwa mwezi, na asilimia 5 kwa miezi mitatu, basi. Mwisho wa mwaka 2022, riba za mikopo zilipopanda na watu wakaogopa, maombi yalizidi kiwango hicho. Mfuko ukashikilia kanuni yake: kila mwombaji alipewa sehemu, akangojea iliyobaki. Hali hiyo iliendelea zaidi ya mwaka mzima, mpaka Februari 2024 ndipo maombi yote ya mwezi yalipolipwa kamili.

Tizameni tofauti. Katika habari ya pili watu walingoja, na wengine walikasirika, lakini mfuko haukulazimika kuuza majumba yake kwa bei ya kutupa, na waliosoma karatasi walijua kwamba mlango wa kutokea ni mwembamba. Katika habari ya kwanza watu walioneshwa mlango mpana ambao haukuwapo. Kwa hivyo tusimlaumu kila mwenye kufunga mlango. Tuogope zaidi yule anayesema mlango wake haufungwi kamwe, hali alichokinunua ni kitu cha miaka kumi.

BEI BILA YA MIZANI, NA UJIRA WA MTUNZAJI

Yako mambo mengine mawili ambayo mkulima atayafahamu upesi.

La kwanza ni mizani. Karafuu yako hupimwa mbele ya macho yako, daraja lake likatajwa na bei ikajulikana. Lakini jumba la ghorofa huko Chicago halipimwi kituoni. Bei yake katika daftari ya mfuko ni makisio, na mara nyingi mkisiaji hulipwa na mwenye mfuko. Makisio yaweza kuwa ya kweli, lakini hayajawa bei mpaka apatikane mnunuzi. Mfuko wa namna hii waweza kuonekana umetulia mwaka mzima, si kwa kuwa hakuna mawimbi, bali kwa kuwa hakuna aliyetazama bahari.

La pili ni ujira. Desturi ya zamani ya mifuko hii ni mtunzaji kuchukua asilimia 2 ya mali kila mwaka, na tena asilimia 20 ya faida. Tufanye hesabu. Umeweka shilingi 1,000,000, na mali ikazaa asilimia 10, yaani shilingi 100,000. Zitoke 20,000 za ujira wa mwaka, zibaki 80,000. Zitoke asilimia 20 ya hizo, yaani 16,000. Wewe umepata 64,000. Mambo yakiendelea hivyo kwa miaka kumi bila ya kutoa kitu, fedha ambazo bila ya ujira zingekuwa kiasi cha shilingi 2,594,000 zitakuwa kiasi cha shilingi 1,860,000. Na hapa ndipo ilipo ile tofauti na mudharaba tuliyoitaja: mwaka wa hasara mtunzaji hupoteza sehemu yake ya faida, lakini zile asilimia 2 huzichukua vile vile.

JE, TUKAE NA KARAFUU PEKE YAKE?

La, hatusemi hivyo. Wakulima wa visiwa hivi wana sababu kuliko watu wengine ya kutoweka mali yao yote mahali pamoja. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Aliyekuwa na mashamba pande zote mbili alibaki na kitu. Na katika miaka ya 1980 hatukupigwa na upepo bali na soko. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na bei duniani ikaanguka. Mtu aliyekuwa na karafuu tu alikuwa na shamba zuri na mfuko mtupu.

Basi kuweka akiba nje ya shamba ni jambo la busara. Lakini si lazima kuanzia Chicago. Iko milango iliyo karibu nasi. Mfuko wa Umoja ulioanzishwa chini ya UTT mwaka 2005 uliwafungulia watu wa kawaida njia ya kununua vipande vya hisa na hatifungani kwa pamoja. Hatifungani za Serikali ya Muungano zaweza kununuliwa kwa kuanzia shilingi 1,000,000, malipo hutoka mara mbili kwa mwaka, na mwenye haja kabla ya muda aweza kuziuza sokoni kwa bei ya siku hiyo. Na kwa wale wanaojiepusha na riba, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk mwaka 2025. Mwenye sukuk hakopeshi kwa riba. Hushiriki katika mali au mradi, na malipo yake hutokana na pato la mali hiyo. Hizi nazo zina muda wake na kanuni zake, nazo pia zataka kusomwa kabla ya kutiwa saini.

TAHADHARI JUU YA JINA

Tena iko hatari ya tatu, ambayo si ya mfuko halali hata kidogo. Zile sheria za Ulaya, Uingereza na Marekani zimefungua milango kwa watu wa huko, chini ya wasimamizi wa huko. Hazikumpa ruhusa mtu yeyote mwenye simu kuja kuuza karatasi Wete au Mkoani. Kila jambo jipya linapopata jina, walaghai huliazima jina hilo.

Wengi wetu twakumbuka DECI ya Bara, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu waliambiwa "wapande" fedha wangoje "kuvuna". Hapakuwa na shamba wala jumba. Waliovuna mwanzo walivuna fedha za waliopanda nyuma yao. Maneno yalikuwa ya kilimo, lakini mkulima angeuliza, "Shamba liko wapi?" mambo yangefahamika mapema.

MASUALA MATANO

Basi yeyote atakayekujia, awe mgeni au mtoto wa ndugu yako, muulize haya kabla ya kutoa hata shilingi moja:

1. Siku nikitaka fedha zangu, nitamwambia nani, na nitalipwa baada ya siku ngapi? Imeandikwa wapi? Na watu wengi wakitaka siku moja, kanuni yasemaje?

2. Fedha zangu zitanunua kitu gani hasa, na kitu hicho huchukua muda gani kuuzika? Ikiwa kitu ni cha miaka na ahadi ni ya siku, rudi nyumbani.

3. Bei yake hukisiwa na nani, na nani humlipa mkisiaji huyo?

4. Jumla ya ujira ni kiasi gani kwa mwaka, katika mwaka wa faida na katika mwaka wa hasara? Na wewe unayeniuzia unapata nini?

5. Ni msimamizi gani aliyekupa ruhusa? Hapa Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndiyo inayotoa leseni za mambo haya. Usitosheke kuoneshwa karatasi, waulize wenyewe.

Na liko suala la sita, nalo ni la kujiuliza mwenyewe: fedha hizi zikifungwa miaka mitano, nani nyumbani kwangu atakosa nini? Fedha za ada, za wachumaji wa msimu ujao, za matibabu na za miche hazifai kuingia katika mlango mwembamba, hata faida ikitajwa kuwa kubwa namna gani. Ikiwa baada ya hizo imebaki akiba ambayo hutaihitaji kwa muda mrefu, na masuala yote matano yamepata majibu ya kuandikwa, basi sehemu ndogo yaweza kuingia, na hilo halitakuwa kosa.

Yule mwanachama wetu alikwenda na masuala haya kwa mtoto wa ndugu yake. Kijana ni mkweli, akasema, "Ami, la kwanza tu sikuuliza." Akamwandikia aliyemletea karatasi. Jawabu ilichukua wiki mbili, nayo ilikuwa ni maneno mengi juu ya faida na si neno moja juu ya kutoka. Bwana yule amenunua miche yake, na ada ya binti ameiweka mahali inapoweza kutolewa muhula ukifika. Iliyobaki ni kidogo, na bado anaifikiri. Kijana naye hakukasirika. Ndiye aliyekuja kumsaidia kuchimba mashimo ya miche.

Mwanachama yeyote aliyeletewa karatasi ya namna hii na ailete ofisini kabla ya kutia saini. Tutaisoma pamoja naye, mstari kwa mstari. Baada ya kutia saini twaweza kuisoma pia, lakini msaada wetu utakuwa mdogo.